Uteuzi wa jukwaa la kufundishia mtandaoni uanzie kwa simu hafifu zaidi darasani

SWALI ambalo walimu wa Kiswahili huniuliza mara nyingi katika warsha, hasa pale tunapongojea chai, ni hili: je, jukwaa lipi la mtandaoni ndilo bora zaidi kwa kufundishia? Wengi huwa tayari wana majina mdomoni: Google Classroom, Moodle, Zoom, WhatsApp. Wanachotaka kwangu ni kuambiwa chukua hili, acha lile, nao waende zao. Jibu langu huwa ni swali jingine. Katika darasa lako, mwalimu, mwanafunzi mwenye simu hafifu kuliko wote ana simu gani, na simu hiyo ni ya nani?

Wapo wanaodhani kwamba ninakwepa. La hasha. Katika makala haya ninanuia kueleza kwa nini swali hilo la simu linafaa kutangulia mengine yote, kisha nidadisi yale ambayo mwalimu wa lugha, na hususan mwalimu wa Kiswahili, anapaswa kuyapima kabla ya kulihamishia darasa lake mtandaoni, liwe lote au nusu yake.

Tuanze na neno lenyewe. Jukwaa, kwa maana yake ya awali, ni mahali palipoinuliwa ili anayesema au anayeigiza aonekane na hadhira. Tulipolipa neno hili kazi mpya katika teknolojia, tulilibeba pamoja na picha yake: mmoja yuko juu, wengine wako chini wanatazama. Nadhani ndiyo sababu walimu wengi wakisikia "jukwaa la mafunzo" huwaza kwanza kikao cha video, mwalimu akionekana na wanafunzi wakisikiliza kimya.

Ukweli ni kwamba majukwaa haya ni ya aina nyingi, tena zinazotofautiana kwa kazi. Yapo ya kikao cha papo kwa papo, mathalan Zoom na Google Meet. Yapo yanayopanga kozi nzima, yaani masomo, kazi za ziada, alama na maoni ya mwalimu, kama vile Moodle na Google Classroom. Ipo hazina ya maudhui ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala nchini (KICD) iitwayo Kenya Education Cloud. Ipo mitandao ya gumzo kama WhatsApp, ambayo haikuundwa kwa ajili ya shule lakini shule ziliivamia zenyewe. Na yapo yasiyohitaji intaneti kabisa, kama lile la Eneza Education ambalo humwezesha mwanafunzi kudurusu kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mulika mwizi. Anayeuliza kati ya Zoom na Moodle ni ipi bora ni sawa na anayeuliza kati ya ubao na kabati la vitabu ni kipi bora.

Wataalamu wa teknolojia ya elimu walivutana kuhusu suala hili hata kabla intaneti haijatufikia. Mwaka 1983, mtafiti Mmarekani Richard Clark alishikilia kwamba chombo cha kupitishia somo, kiwe redio, runinga au kompyuta, hakibadilishi kiwango cha mtu kujifunza. Kinachofunza ni mbinu iliyomo ndani ya somo. Alikifananisha chombo hicho na lori linalopeleka vyakula dukani, ambalo haliwezi kusifiwa kwa kuboresha lishe ya wanunuzi. Robert Kozma alimpinga katika miaka ya tisini, akisema kila chombo kina uwezo wake mahususi, na kwamba zipo mbinu ambazo haziwezekani bila chombo fulani.

Mimi hukubaliana na Kozma linapokuja suala la sauti, jambo nitakalolirejelea. Lakini kwa hali yetu hapa nchini, mfano wa Clark unahitaji kuongezewa kipande kidogo tu: lori lisipofika kijijini, hata mboga ziwe mbichi na tamu vipi, huko hakuna atakayekula.

Mwaka 2020 ulituonyesha hilo waziwazi. Shule zilifungwa mwezi Machi, siku chache tu baada ya kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa nchini. KICD ikaendelea kupeperusha vipindi vyake redioni na kwenye runinga, nazo shule zilizojiweza zikahamia Zoom na Google Classroom karibu mara moja. Mwezi Julai, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Prof George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo haungehesabiwa. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba. Wengine wakangoja hadi Januari 2021.

Mwalimu mmoja wa Kidato cha Tatu ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi alinionyesha daftari yake ya mahudhurio ya kipindi hicho. Upande wa kushoto kulikuwa na majina ya darasa zima. Upande wa kulia, alama za vema zilijirudia kwa majina yaleyale machache, wiki baada ya wiki: watoto wa walimu, wa wafanyabiashara, wa waliokuwa na Wi-Fi nyumbani. Binti aliyekuwa akiongoza darasa kwa insha hakuwa na vema hata moja. Simu ya kwao yenye intaneti ilikuwa ya mama, naye mama alitoka nayo alfajiri kwenda sokoni na kurudi nayo saa mbili usiku. Somo la Zoom lilikuwa saa nne asubuhi.

Utaona kwamba binti huyu hakukosa simu. Alikosa saa. Shida yake haingetatuliwa na jukwaa lenye picha safi zaidi wala lenye vitufe vingi zaidi. Ingetatuliwa na jukwaa lolote ambalo lingeiacha kazi imngoje hadi mama atakaporudi, aisome, aiandike, na kuipeleka kabla simu haijaondoka tena alfajiri. Tofauti hii kati ya mafunzo ya papo kwa papo na mafunzo ambayo kila mmoja huyafikia kwa wakati wake ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika uteuzi wa jukwaa, lakini ndiyo ninayoisikia ikizungumziwa kwa nadra mno. Watu huzungumzia majina ya kampuni.

Kwa hivyo, kabla ya kuteua chochote, fanya sensa ya simu. Si lazima iwe utafiti wa shahada ya uzamifu. Chukua karatasi, mpe kila mzazi katika mkutano wa wazazi, na uulize mambo manne: nyumbani kuna simu ya aina gani, ni ya nani, huwa nyumbani saa ngapi, na bando hununuliwa na nani, kwa kiasi gani kwa wiki. Tafadhali usiulize kwa kuwaambia wanafunzi wanyooshe mikono darasani. Hakuna mtoto wa miaka kumi na minne atakayekubali mbele ya wenzake kwamba kwao kuna kabambe tu. Na majibu ya wazazi yana mengi ambayo fomu haikuyatarajia. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, simu kubwa ninayo, lakini kioo kimepasuka hapa katikati, huwezi kusoma kitu." Katika fomu, huyo angehesabiwa kuwa ana simu ya kisasa.

Sensa ikikamilika, hesabu ya gharama hujipanga yenyewe. Saa moja ya kikao cha video inaweza kula megabaiti mia kadhaa, na wakati mwingine ikavuka gigabaiti moja. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp haufiki hata nusu megabaiti. Mzazi anayenunua bando la siku kwa shilingi chache anaijua tofauti hiyo kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta. Akaunti ya bure ya Zoom, nayo, hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40. Ni kweli kwamba kipindi kimoja katika shule zetu za sekondari ni dakika 40 pia, lakini ndani ya dakika hizo ondoa za kungojea waliochelewa kuingia, za "mwalimu, sikusikii", na za kumwomba mtu fulani azime kipaza sauti chake kwa sababu jogoo anawika. Hubakia nini?

Neno "bure" lenyewe linastahili kutazamwa kwa jicho kali. Moodle, iliyoasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002, ni programu huria. Shule haidaiwi hata senti kwa kuitumia. Lakini lazima ikae kwenye seva, na seva hukodishwa. Lazima iwe na mtu wa kuisakinisha, kuihuisha, na kuamka usiku inapokwama wakati wa mtihani. Vyuo vikuu vyetu vingi vinaitumia kwa sababu vina idara nzima za kazi hiyo. Shule ya kutwa yenye mwalimu mmoja wa kompyuta, ambaye pia hufundisha Hisabati na kusimamia mpira, inajipalia makaa. Google Classroom, iliyoanza mwaka 2014, haihitaji seva ya shule, ndiyo maana walimu huikimbilia. Ila kila mwanafunzi anahitaji akaunti, na darasa lenye watoto hamsini ni nywila hamsini zitakazosahauliwa. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, nao hawakuwa wameiona nywila.

Sasa nije kwa Kiswahili, maana miongozo mingi ya kuteua majukwaa imeandikwa kana kwamba masomo yote ni Hisabati. Somo la lugha lina mahitaji yake. Lina mdomo na sikio.

Chukua karatasi zetu tatu za KCSE. Karatasi ya kwanza ni insha, ya pili ni ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, ya tatu ni fasihi. Kila moja inadai kitu tofauti kutoka kwa jukwaa. Mwalimu anayezilazimisha zote tatu ndani ya kikao kimoja cha video hujichosha bila sababu.

Kwa insha, mtahiniwa huandika kwa kalamu. Sioni faida ya kumlazimisha kuichapa kwenye simu kwa kidole gumba, huku kibodi ikimvurugia maneno. Nimesoma insha ambamo "hata" imekuwa neno la Kiingereza la chuki, kwa sababu tu simu ilidhani mwandishi amekosea. Anayetaka wanafunzi wachape, kwanza awaonyeshe jinsi ya kuongeza kibodi ya Kiswahili kwenye simu; ipo, na ni kazi ya dakika mbili. Lakini njia iliyo nyepesi zaidi ni mwanafunzi kuandika daftarini, kupiga picha na kuituma. Programu ya Google Classroom kwenye simu humruhusu mwalimu kuandika juu ya picha hiyo kwa kidole, akazungushia kosa duara jekundu kama alivyozoea. Kwa WhatsApp pia inawezekana kuchorachora juu ya picha, ingawa baada ya wiki mbili utaitafuta insha ya fulani katikati ya salamu, matangazo ya karo na video za vichekesho hadi macho yakuume. Hapo ndipo jukwaa linalopanga kazi kwa majina na tarehe linapodhihirisha thamani yake.

Matumizi ya lugha ndipo penye mtego. Majukwaa mengi hujisifia kwamba yanaweza kusahihisha majibu yenyewe, na mwalimu aliyelemewa na madaftari huona kama nyota ya jaha imemwangukia. Maswali ya kuchagua a, b, c au d hayana tatizo. Tatizo ni jibu fupi la kuandikwa, kwa kuwa mashine hulinganisha herufi kwa herufi na jibu uliloliweka wewe. Mpe mwanafunzi sentensi "Ningekuja ningekuona" aikanushe. Mmoja ataandika "Nisingekuja nisingekuona", mwingine "Singekuja singekuona". Mwalimu anajua kwamba miundo yote miwili inakubalika. Mashine haijui, isipokuwa uliiambia. Atakayeandika "singekuja" atapewa sufuri, na kwa kuwa watoto huiamini mashine kuliko wanavyotuamini sisi, ataondoka akiwa na yakini kwamba kakosea.

Vivyo hivyo kwa visawe. Ukiweka "kufa" kama jibu pekee la kisawe cha "kufariki", utakuwa umewakosesha wote waliosema kuaga dunia, kukata roho, kuipa dunia kisogo. Lugha yenye utajiri wa namna hii, tena inayobeba nafsi, wakati, mtendwa na kikanusha ndani ya neno moja, haisahihishiki kwa kulinganisha herufi. Majukwaa kadhaa humruhusu mwalimu kuorodhesha majibu zaidi ya moja yaliyo sahihi, na kwenye Moodle unaweza hata kutumia kinyota kuwakilisha sehemu ya neno inayoweza kubadilika. Basi, jukwaa lolote utakaloonyeshwa, liulize hilo kwanza: je, nikiwa na majibu matano sahihi, unayakubali yote? Na mwanafunzi akisahau nukta mwishoni mwa sentensi, utamfanya nini?

Kuhusu fasihi na stadi za kusikiliza na kuzungumza, hapa ndipo ninapomuunga mkono Kozma bila kusita. Kabla ya simu, mwalimu wa darasa la watu hamsini hakuwa na njia ya kumsikiliza kila mwanafunzi akighani shairi. Angewasikiliza watatu au wanne, kengele ikalia. Leo anaweza kuwaambia wote warekodi ubeti mmoja mmoja na kumtumia, akawasikiliza jioni akiwa amejinyoosha kitini. Wapo wanafunzi wenye aibu ambao hawajawahi kufungua kinywa darasani, na ambao nimewasikia wakighani vizuri ajabu wakiwa peke yao nyuma ya nyumba, ng'ombe wakisikika kwa mbali. Kuhusu matamshi, sauti iliyorekodiwa inaweza kurudiwa mara tatu, nne, hadi mwanafunzi aisikie mwenyewe tofauti kati ya "dhamana" na "thamani".

Kisha kuna fasihi simulizi. Silabasi huwataka wanafunzi wajue jinsi ya kukusanya kazi za fasihi simulizi nyanjani, lakini kwa miaka mingi tumewafundisha hilo kwa kuwakaririsha hatua na vifaa: kinasa sauti, kamera, hojaji. Kinasa sauti sasa kimo mfukoni mwa mzazi. Mwanafunzi anaweza kumrekodi nyanya yake akitega vitendawili au akisimulia kisa, akakiandika, akakituma vyote viwili, sauti na maandishi. Nilipojaribu zoezi hili na wanafunzi wangu, jambo lililonishangaza ni kwamba baadhi ya waliofanya vyema zaidi ni wale wa simu hafifu, kwa sababu ndio waliokuwa wakiishi na nyanya zao. Kwa kazi hii, jukwaa linalokubali faili ya sauti bila kuibana kwa ukubwa mdogo kupita kiasi ni muhimu kuliko lenye michoro ya kuvutia.

Kuna suala pia la lugha ya jukwaa lenyewe, yaani maneno yaliyo kwenye vitufe. Si la kupuuzwa. Tunamfundisha mtoto Kiswahili ndani ya nyumba ambayo milango yote imeandikwa Kiingereza. Moodle ina pakiti ya Kiswahili, ingawa si kila neno limetafsiriwa. Kolibri, nitakayoieleza punde, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Pale ambapo vitufe havibadiliki, mwalimu ateue istilahi zake na azishikilie: kiungo, nywila, wasilisha, pakua, pakia. Haya mawili ya mwisho huwachanganya wengi, lakini mpishi hachanganyikiwi. Chakula hupakuliwa kutoka chunguni kije sahanini kwako. Mzigo hupakiwa garini uende zake. Nikiwaeleza hivyo wanafunzi hucheka, na hawakosei tena.

Sijasema lolote kuhusu usalama, nalo ni suala ambalo walimu wakuu hulikumbuka baada ya barua kutoka kwa wakili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kukusanywa na kutumiwa. Picha ya mtoto ni data. Nambari ya simu ni data. Alama zake ni data. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fedha hizo zingejenga maktaba.

Kundi la kawaida la WhatsApp humfichulia kila mwanachama nambari za wenzake wote. Kwa kundi la walimu si neno. Kwa kundi lenye wasichana wa Kidato cha Pili, ambamo mtu yeyote mwenye simu ya mwanafunzi mmoja, awe kaka, mjomba au mpangaji wa jirani, anaweza kuziona nambari zote, ni neno kubwa sana. Ninawashauri walimu wanaoitumia WhatsApp, na ni wengi, watume kazi kwa orodha ya matangazo ambayo humfikia kila mzazi kivyake, au kundi liwe la wazazi na si la watoto. WhatsApp yenyewe haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kuwa na akaunti. Mwalimu wa Gredi ya Tano anayewaongeza wanafunzi wake kundini anavunja masharti ya jukwaa kabla hata somo halijaanza.

Aidha, majukwaa hufa. Edmodo ilianzishwa mwaka 2008, na kuna wakati ilikuwa miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa katika warsha zetu. Septemba 2022 ilifungwa. Walimu waliokuwa wameweka humo maswali yao ya miaka na miaka ilibidi wayatoe mbiombio kabla mlango haujafungwa. Kwa hivyo nakala ya kila swali, kila muhtasari wa shairi na kila orodha ya alama ikae pia mahali pako, kwenye diski au daftari. Jukwaa lisilokuruhusu kuondoka na kazi yako halikufai, hata kama leo linakupa kila kitu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba wanafunzi wote hulala makwao. Shule nyingi za sekondari nchini ni za bweni, na humo simu ni marufuku. Kwa mwalimu wa bweni, mtandaoni maana yake ni maabara ya kompyuta, ambayo darasa lake huingia kwa zamu, intaneti ikiwepo siku mbili na kupotea tatu. Huyu asihangaike na Zoom. Afikirie Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyoundwa makusudi kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Maudhui hupakuliwa mara moja, hata kama ni mjini kwenye mtandao wa kasi, yakawekwa kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta nyingine na vishikwambi huyafikia kupitia Wi-Fi ya ndani ya shule. Mwalimu anaweza kuongeza masomo na maswali yake mwenyewe, jambo muhimu kwetu kwa kuwa maudhui ya Kiswahili yaliyomo bado ni machache. Vishikwambi vilivyosambazwa katika shule za msingi kuanzia 2016 vingefaa kwa mpango kama huu. Katika shule nilizozitembelea vingi vimefungiwa kabatini, kwa kuhofia wezi, na ufunguo huwa na mwalimu mkuu aliyekwenda mkutanoni.

Mtaala wa Umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi, na kwa sababu hiyo wauzaji wa majukwaa wamekuwa wageni wa kila mara katika afisi za shule. Huja na kipakatalishi kinachong'aa na modemu yao wenyewe, na kila kitu hufunguka kwa kupepesa jicho. Kwa walimu wakuu nina pendekezo moja. Muuzaji akimaliza maelezo yake, mwombe akiweke kipakatalishi kando, aazime simu ya mtu yeyote aliye karibu, iwe ya bawabu au ya mpishi, na afungue somo moja tu la Kiswahili kwenye simu hiyo, kwa bando la simu hiyohiyo, akiwa amesimama pale nje chini ya mti.

Nimewahi kuwapo hilo likifanyika. Mpishi alitoa simu yake aproni ikiwa na unga, muuzaji akaipokea kwa tabasamu, akaingiza anwani. Duara likazunguka. Tukazungumzia mvua. Duara likaendelea kuzunguka hadi kengele ya mapumziko ikalia na wanafunzi wakatujaa pande zote wakitaka kujua tunatazama nini. Mkataba haukutiwa saini siku hiyo, na mpishi akadai arudishiwe bando lake.